Goti la Ghorofa ya Pili

Pia ya goti la Unyoya ilihama Kitinda akiwa bado angani.

Unyoya aliisikia kabla ya kuihisi: tok, mlio mkavu kama kijiti kilichovunjwa ndani ya kitambaa. Alikuwa amesimama mabegani mwa binamu yake Tofali, magoti kayakunja kidogo, mikono kainyoosha kumpokea mdogo wake. Nafasi ile waliiita ghorofa ya pili. Chini, msingi wa vijana watatu. Juu yao, Unyoya. Na kileleni Kitinda, mtoto wa miaka saba, mwepesi kama kapu tupu, ambaye hurushwa kutoka sakafuni, hujipindua mara moja, kisha hutua mabegani mwa dada yake.

Na sasa alikuwa anakuja. Mgongo mbele, kichwa chini, hatazami.

Katika ghala lile la mazoezi, mrukaji hatazami. Hiyo ilikuwa amri ya baba yao, ambaye karibu kila mtu, hata mkewe, alimwita Mwalimu. Anayetazama anaogopa, alisema, na anayeogopa anachelewa. Wewe ruka, kudaka ni kazi ya mwenzio. Amri ya pili ilikuwa fupi zaidi: uso ni wa watazamaji, maumivu ni yako.

Basi Unyoya akatabasamu. Alikaza paja, akaunyoosha mguu taratibu huku nyama zote zikimkataza, na pia ikateleza ikarudi mahali pake. Maumivu yakampanda mpaka kwenye fizi. Viganja vyake vikakikuta kiuno cha Kitinda, akamtua mabegani, na mnara mzima ukasimama.

"Safi!" Mwalimu alipaza sauti kutoka chini. "Hivyo hivyo! Shukeni mpumue."

Walipofika chini, Tofali alimvuta kando, kwenye magodoro yaliyorundikwa ukutani. Alikuwa kijana mpana, mwenye shingo kama kinu, na mdomo usiojua likizo.

"Wewe," alisema, "mfupa wako umenisalimia."

"Nyamaza."

"Nitanyamaza, mimi tofali tu. Lakini nimesikia tetemeko begani kwangu, na tetemeko halina undugu. Mara ngapi sasa?"

"Mbili. Baba anajua."

"Baba mdogo anajua mbili. Mimi nimekuuliza ngapi."

Angejibu nini? Kwamba pia ile ilihama alipokuwa akigeuka kuchukua ndoo, alipokuwa akipanda kitandani, alipokuwa akicheka? Kwamba alishajifunza kuirudisha mwenyewe bafuni, kaung'ata ukingo wa taulo, kisha akatoka akiimba ili mtu asiulize?

"Kesho nakwenda kwa daktari wa mifupa," alisema. "Atasema."

"Daktari atasema utakachomwambia. Mganga hamtibu aliyeficha kidonda."

"Na nikipasuliwa? Dada yako ameshapimwa nguo yangu ya jukwaani, unadhani sijaona?"

Tofali alijikuna shingo. "Amepimwa. Imembana kifuani, amelia mpaka fundi akamwonea huruma." Kisha akaacha mzaha. "Unyoya, mimi nikianguka naanguka kutoka ardhini. Yule mdogo anaanguka kutoka juu yako."

Hilo alilijua. Alilijua kila usiku, na kila asubuhi alilisahau kwa makusudi.

*

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi aliyekunja mikono ya koti mara mbili, na mezani kwake palikuwa na goti la plastiki lililopauka kwa kushikwashikwa. Mwalimu aliketi mbele yake wima kama yuko jukwaani. Mama yao alikuwa zamu kwenye tanuri la mikate, kwa hiyo Kitinda naye aliletwa. Alikuwa kwenye benchi la korido, na miguu yake ilisikika ikigonga ukuta.

"Baba, goti limeteguka mara ngapi?"

"Mara mbili, daktari. Ya kwanza mwaka jana, tulipewa mazoezi. Ya pili majuzi, kwenye onyesho, mbele ya watu."

"Ni kweli, binti?"

"Ndiyo," alisema Unyoya. Lilitoka jepesi, kama salamu.

Daktari aliiinua picha ya goti kwenye mwanga. Alieleza bila kupamba. Pia ya goti hupita ndani ya mfereji ulio mwishoni mwa mfupa wa paja, na kwa upande wa ndani kuna kano inayoishikilia isikimbilie nje. Mfereji wa Unyoya ulikuwa na kina kidogo. Kano yake ilikuwa imechanika zamani na kuungika vibaya.

"Lakini picha si mtu," alisema. "Wapo wenye picha kama hii, wakaimarisha paja, pia ikatulia. Ikiwa ni mara mbili tu, na goti halimtishi, simkati. Ikiwa inahama kila mara, hapo kusubiri ni hatari, maana kila inapohama inakwangua mfupa. Panda hapa, mama."

Unyoya alipanda kitandani. Daktari aliukunja mguu kidogo, akaweka vidole gumba viwili kando ya pia.

"Nitaisukuma kwenda nje. Watu wenye shida yako hapa hunishika mkono. Wengine wamenipiga kofi, sikuwalaumu. Ukiogopa, onyesha."

Akasukuma.

Dunia yote ikaja kukaa chini ya vile vidole viwili. Pia ilipanda ukingo wa mfereji, ikasita pale juu, na kila kilichokuwa hai ndani ya Unyoya kilipiga kelele: inatoka, inatoka! Aliona pembeni uso wa baba yake. Mwalimu alikuwa amekaza taya. Alikuwa na rafiki wa ujanani, mrukaji hodari, aliyepasuliwa goti likagoma kukunjika. Sasa alikata tiketi mlangoni, mguu kaunyoosha mbele kama fimbo. Mwalimu hakukaa siku nyingi bila kumtaja.

Unyoya akatabasamu. Meno yote nje.

Daktari alisukuma tena, akamtazama usoni kwa muda. "Hakuna hofu?"

"Hakuna."

"Viungo vyako vyote ni legevu, kama vya wanasarakasi wengi. Kusogea kwa pia peke yake hakunitoshi." Aliondoa mikono. "Sawa. Hatupasui. Mazoezi ya paja, kifunga goti, na mrudi msimu ukiisha. Baba, nenda naye polepole."

"Polepole kabisa," alisema Mwalimu, akiwa ameshasimama. Alionekana kama mtu aliyeondolewa gunia kichwani.

*

Kitinda alikuwa amesimama juu ya benchi, mgongo kawapa.

"Wamekukata?"

"Hawajamkata!" Mwalimu alicheka. Ilikuwa nadra kumsikia akicheka nje ya ghala. "Dada yako mzima. Kesho tunapandisha mnara."

"Da' Unyoya, shika!"

Na akaruka. Kinyumenyume, kutoka juu ya benchi, mikono mbavuni, macho kayafumba, kama alivyofundishwa. Hakuuliza dada yuko wapi. Dada siku zote yuko.

Unyoya alikuwa hatua moja mbali. Aligeuka kwa mguu ule ule, na pia ikatoka, safari hii bila hata mlio. Goti likaporomoka chini yake. Alirusha mikono mbele, akakipata kigauni, akakipata kisigino, akajipigiza ukutani na mtoto kifuani. Kando yao palikuwa na kitanda cha magurudumu. Pembe yake ya chuma ilizigusa nywele za Kitinda, ikazichana upande mmoja kama kitana.

Ukuta ulimsukuma mguu ukanyooka. Pia ikarudi.

"Tena!" alisema Kitinda huku akicheka. "Tena, tena!"

"Umeona?" Mwalimu alisema. Alikuwa anakunja karatasi ya dawa, aliona mwisho tu wa mchezo. "Goti jipya hilo!"

Unyoya alimshusha mtoto sakafuni. Alitazama ile pembe ya chuma. Ilikuwa imechubuka rangi, na juu ya ule mchubuko ulining'inia unywele mmoja mfupi, mweusi.

Tabasamu lake lilikuwa bado lipo usoni. Alilihisi pale, kama kitu cha mtu mwingine alichokisahau. Aligeuka, akausukuma mlango wa daktari bila kubisha.

Ndani alikuwa ameshaingia mgonjwa mwingine, mzee mwenye magongo.

"Daktari, rudia."

"Binti, nina mgonjwa."

"Nisamehe, babu. Daktari, rudia kunisukuma. Nimekudanganya. Rudia, nami sitacheka."

Mwalimu alikuwa mlangoni. "Unyoya! Toka humo, unatuaibisha!"

Mzee mwenye magongo alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akasogea kwenye kiti cha pembeni. "Mimi goti langu limekuwa hivi tangu hawajazaliwa," alisema. "Haliharibiki kwa kungoja. Fanya, daktari."

Unyoya alikuwa ameshapanda kitandani. Daktari aliukunja mguu, akaweka vidole gumba palepale, akasukuma kidogo tu, hata nusu ya mwanzo hakufika. Unyoya alimkamata kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili, akatoa ukelele ambao hakujua kuwa anao. Haukuwa wa jukwaani. Ulikuwa mbaya, mnene, wenye kamasi, na haukukatika haraka.

Kule koridoni watu wakageuza vichwa.

"Mara ngapi?" daktari aliuliza kwa upole.

"Nimepoteza hesabu. Najirudishia mwenyewe."

Mwalimu aliingia, akasimama katikati ya chumba, mikono haijui pa kukaa. "Ulinitabasamia," alisema. "Kila siku. Usoni."

"Ulinifundisha."

"Nilikufundisha kwa ajili ya watu! Si kwa ajili yangu!"

"Baba, nitajuaje wewe unaanzia wapi na watu wanaishia wapi?" Alikuwa analia na kusema kwa pamoja, na maneno yalitoka yamelowa. "Imetoka sasa hivi hapo nje. Imetoka jana Kitinda akiwa hewani. Leo nimemdaka na goti limeteguka. Kesho sitamdaka."

Mwalimu aligeuka kumtafuta Kitinda. Mtoto alikuwa amesimama kizingitini, kidole mdomoni, nywele zake zimelala upande mmoja. Mwalimu akamtazama, akaitazama pembe ya kile kitanda kule nje, na kwa mara ya kwanza Unyoya aliona uso wa baba yake ukiwa si wa watazamaji.

"Atakunja?" alimwuliza daktari. "Mkimpasua, goti litakunjika?"

"Nitakuambia ninachojua. Nitachukua kano moja nyembamba nyuma ya paja lake mwenyewe, mwili hautaililia sana, nayo nitaitumia kutengeneza kano mpya ya kuishikilia pia. Mfupa wa chini sitaukata na kuuhamisha kama tunavyofanya kwa watu wazima, kwa sababu huyu bado anarefuka." Alichukua goti la plastiki, akagusa juu kidogo ya maungio. "Hapa kuna mstari laini, ndipo mfupa wa paja unaporefukia. Tundu nitakalopitishia kano lazima lipite chini yake. Nikiuchoma, mguu unaweza kukua umepinda. Nikiikaza kano mno, goti litagoma. Nikiilegeza, pia itatoka tena. Njia ni nyembamba, baba, lakini ni njia, na nimeipita."

"Na mnara?"

"Mwaka huu hakuna kuruka. Baada ya hapo, goti ndilo litakalosema. Siahidi."

Mwalimu alilitazama lile goti la plastiki. Unyoya alimngoja ataje jina la rafiki yake wa mlangoni. Hakulitaja.

"Nipe kalamu," alisema.

*

Walimchoma ganzi ya mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini, mwili wake ukawa mzigo wa watu wengine. Walitundika kitambaa cha kijani mbele ya kifua asione, lakini masikio hakuna aliyeyatundikia kitu. Mtaalamu wa ganzi alikaa upande wa kichwa chake, akimwambia jina la kila sauti: ule ni mkanda unaobana paja, damu isije. Ule mwingine ni mkasi. Usiogope, mama.

"Ninaogopa," alisema Unyoya.

"Vizuri. Wanaoogopa wanapumua. Pumua."

Kano ilishatolewa. Aliwasikia wakiipima, wakiishona ncha kwa uzi. Kisha mashine ya picha ikasogezwa, yenye mkono uliopinda kama mundu, na akasikia keekee ya kutobolea mfupa ikijaribiwa hewani, mvumo mfupi wa nyigu.

"Picha," daktari alisema.

Mashine haikutoa mlio.

"Picha, tafadhali."

"Imezima, daktari. Taa zipo, kioo ndicho kimezima."

"Washa upya."

Watu walitembea haraka, raba zikilia sakafuni. Swichi ikapigwa. Ikapigwa tena.

"Daktari," ilisema sauti ya kijana, msaidizi, "mkanda unakaribia muda wake. Mahali tunapajua kwa kupapasa. Tungekisia, kidogo chini ya—"

"Kisia mfuko wako. Mfupa wa mtoto haukisiwi."

"Lakini mguu haupati damu."

"Najua haupati. Fungua mkanda, mguu upumue. Tutakausha damu, tutabana upya. Sitoboi gizani."

Ikasikika pumzi ya mkanda ukilegea. Harufu nzito, kama ya sarafu zenye jasho, ikapita juu ya kitambaa. Mtaalamu wa ganzi alitazama namba zake, akaweka kiganja kwenye paji la Unyoya na kukiacha pale.

Chini ya kitambaa, goti lilikuwa wazi. Kano iliyotolewa ilikuwa imelala kwenye kitambaa chenye maji. Haikuwezekana kurudi nyuma, wala mbele hapakuonekana. Unyoya alifikiria tundu likipita mahali pasipo pake, mguu ukikua mwaka hadi mwaka umepinda kama mpini mbovu, na yeye kaja mwenyewe, kausukuma mlango mwenyewe.

"Daktari," aliita.

"Niko hapa."

"Ukishindwa, funga. Usinifanyie tu ili ionekane imefanyika."

Daktari alisogea mpaka macho yake yakaonekana juu ya kitambaa. "Umesikia, msaidizi?" alisema bila kumwangalia kijana. "Huyu ndiye mwenye mguu. Tunamsikiliza."

Swichi. Mlio. Mvumo mpya, wa chini, na mtu akasema, "Imerudi! Imerudi, daktari, mstari unaonekana."

"Bana mkanda. Picha. Shusha kidogo. Picha. Hapo."

Keekee ililia ndani ya mfupa. Hakuhisi maumivu, alihisi mtikisiko ukipanda uti wa mgongo hadi kwenye meno, kana kwamba nyumba jirani inatobolewa. Kisha ukakatika. "Picha. Chini ya mstari. Safi."

Kilichofuata kilichukua muda zaidi. Walivuta kano, wakaukunja mguu, wakaunyoosha. "Imekaza mno, legeza." Wakakunja tena. "Bado. Nyuzi moja tu." Mtu alihesabu nyuzi za pembe ya goti kwa sauti ya chini, kama anayeshusha mtoto aliyelala. Mwishoni daktari akasema neno moja, si kwa Unyoya, si kwa msaidizi.

"Imekaa."

*

Kesho yake asubuhi walikuja kumsimamisha. Wodi ilikuwa imejaa jua na harufu ya dawa ya sakafu. Mama alikuwa ametoka moja kwa moja zamuni, unga bado umeganda kwenye nyusi, na Tofali alikuwa amejibana kwenye kiti cha wageni kilichomlalamikia kila alipojitikisa.

"Dada yangu kapewa nafasi yako," Tofali alisema. "Nguo imefumuliwa mbavuni. Amepanda mara moja, akasema huko juu kuna baridi."

"Kitinda amerushwa?"

"Baba mdogo kakataa. Tunapanda bila kilele. Tunaonekana kama nyumba iliyokimbiwa na paa."

Mtaalamu wa viungo, mwanamume mwenye sauti ya kubembeleza, alimvalisha kifunga goti, akampa magongo. Mguu ulikuwa gogo la moto. Unyoya aliketi ukingoni mwa kitanda, vidole vya miguu juu ya baridi ya sakafu.

"Nikisema tatu, unasimama," alisema yule bwana. "Moja. Mbili—"

"Ngoja."

"Kidogo tu, mrembo. Unaweza. Mbili—"

"Nimesema ngoja. Bado."

Yule bwana akamtazama Mwalimu, kama watu wote wanavyomtazama mzazi wanapotaka mtoto abembelezwe. Mwalimu alikuwa ameshika chuma cha mwisho wa kitanda. Midomo yake ilifunguka. Ilikuwa na maneno, yalionekana yakijipanga, maneno ya miaka yote ya ghalani. Akayameza.

"Mngojeni," alisema.

Wakangoja. Mama alifuta unga kwenye nyusi, akauhamishia shavuni. Kitinda, aliyesimama karibu na kiti cha Tofali, alihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, akataka kuuliza, akazibwa mdomo na kiganja cha Tofali. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kunywa chai yake. Unyoya aliuacha moto ule upande na ushuke, akausikiliza unakotoka: paja, mshono, nyuma ya goti walikochukua kano. Katikati, palipokuwa na pia, palikuwa pametulia.

"Haya," alisema, akasimama.